Chanjo Yenye Jina Lake

Mimi na mwenzangu tulikutana kwenye benchi la wadi ya saratani, Nairobi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mjini Voi. Yeye alikuwa mjane, mkulima kutoka Sagalla, kwenye vilima vya karibu na Voi. Kumpata mtu wa kwetu mbali namna ile kulinifurahisha kuliko dawa zote nilizopewa. Sote tulikuwa na saratani ya titi. Tulifanyiwa upasuaji katika wiki ileile, na baadaye tukawa tunapanda treni pamoja kwenda kuwekewa dawa za kemo kwenye mshipa. Nywele zetu ziling'oka kwa wakati mmoja. Manesi wakatuita mapacha.

Siku moja daktari alituita ofisini kwake akatueleza habari ya chanjo iliyokuwa ikijaribiwa.

"Hii si kama chanjo ya surua, ambayo kila mtoto anadungwa ileile," alisema. "Tunasoma kipande cha uvimbe wako, tunatafuta alama zilizoko kwenye saratani yako wewe. Kisha tunakutengenezea chanjo ya kuufundisha mwili wako kuzitambua alama hizo. Ya mwenzako haiwezi kukufaa."

"Mnaitengenezea wapi?" nikauliza.

"Hapa hapa hospitalini."

Akatushusha hadi ghorofa ya chini. Chumba chenyewe zamani kilikuwa stoo ya mashuka. Kupitia kioo tuliona mashine nyeupe na wataalamu waliojifunika hadi macho.

"Shida yetu ni hiki chumba," daktari alisema. "Tunamtengenezea mtu mmoja, tunasafisha kila kitu, ndipo tunaanza ya mwingine. Wanaosubiri ni wengi."

Mwenzangu alichaguliwa. Mimi sikuchaguliwa. Kipande cha uvimbe wangu kilikuwa na chembe chache mno za saratani. Ingebidi wajaribu kipande kingine walichokigandisha, na kazi hiyo ingefanywa nafasi ikipatikana. "Si kosa la mtu yeyote," daktari aliniambia. Laiti lingekuwa kosa la mtu. Ningekuwa na wa kumchukia.

Nikamchukia mwenzangu, polepole, huku nikimjulia hali kwa simu kila Jumapili baada ya kanisa. Alinitumia picha ya kichupa chake cha kwanza, kidogo kuliko kidole, kina majina yake yote matatu, lake, la baba na la marehemu mumewe. Nikamjibu, "Mungu ni mwema." Kisha nikaweka simu kifudifudi mezani, nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Baada ya sindano alikuwa akipata homa, na daktari alimwambia ni dalili kwamba mwili unajifunza. Nilimwonea wivu hata homa hiyo. Nilijishika paji la uso nikakuta ni baridi. Nilimwonea wivu kwa nywele zake zilizoota upesi na kwa mashavu yaliyoanza kujaa. Nilifikiria kwamba kule kwao Sagalla wanahangaikia hata maji ya kunywa, halafu yeye ndiye aliyetengenezewa dawa ya peke yake duniani. Niliona haya kufikiri hivyo, lakini niliendelea kufikiri.

Mume wangu aliliona jambo hilo. "Mbona humwaliki tena yule dada?" aliniuliza.

"Ana shughuli."

"Shughuli gani?"

Nikatoka nje kuanua nguo.

Siku moja alikuja mwenyewe, bila kualikwa, na mapapai mawili kwenye kikapu. Akaanza kunisimulia sindano yake ya mwisho ilivyokuwa. Nikamkatiza. "Dada, wewe una chanjo. Mimi nina maombi tu. Usije kunihesabia baraka zako hapa."

Aliangalia upande wa jikoni, ambako mume wangu alikuwa akikatakata sukuma wiki.

"Unajua nikipata ile homa nani ananiwekea kitambaa cha maji?" aliuliza kwa sauti ya chini. "Hakuna. Nalala sakafuni kwa sababu kuna ubaridi. Kila mara tukiwa kwenye treni, mumeo alipokupigia simu kukuuliza kama umekula, mimi nilikuwa nageukia dirishani. Unafikiri ni wewe peke yako unayeona wivu, mwalimu?"

Aliondoka bila kunywa chai. Hatukuzungumza tena hadi mvua za mwisho wa mwaka zilipokwisha.

Wakati huo hospitali ilikuwa imevunja ukuta wa ile stoo na kuchukua vyumba vya jirani. Mashine ndogo ndogo zikaletwa, kila moja na mgonjwa wake, na wataalamu wapya wakafunzwa. Chanjo zikaanza kusafirishwa kwenye barafu hadi hospitali za kaunti. Kile kipande changu cha pili kikafaa. Nikapigiwa simu nikiwa darasani, nikatoka nje, nikalia mbele ya wanafunzi waliokuwa kwenye somo la michezo.

Nilimpigia mwenzangu kabla ya kumpigia mume wangu. Alikuja Voi siku ya sindano yangu ya kwanza, akaketi karibu nami. Nesi alipomaliza, mwenzangu alitikisa kichwa.

"Yaani ni hivyo tu? Mimi nilikuwa nasafiri hadi Nairobi nikirudi natapika, na wewe unadungwa hapa halafu unaenda nyumbani kupika?"

Wivu ulikuwa wazi usoni pake. Sitasema uongo, ulinipendeza. Jioni homa ikanipanda, naye akalala kwetu, akabadilishana na mume wangu kuniwekea kitambaa.

Skani yangu ya juzi ilikuwa safi. Yake ilionyesha doa kwenye ini. Alinipa habari hiyo tukiwa stendi ya Voi, amebeba mfuko wa unga, na mimi nikaushika mfuko ule kana kwamba ndio uliokuwa mzito. Nilitamani wivu wangu urudi, kwa sababu nilishauzoea, na hofu hii sikuijua.

Wamekata kipande kutoka kwenye lile doa, na wanamtengenezea chanjo nyingine. Mara hii hakuna foleni ya kusubiri chumba. Daktari hakumwahidi kitu. Tangu wiki jana amehamia kwetu, anamfundisha mume wangu kupika pure ya mahindi na maharagwe, na asubuhi ananiuliza kama nimelala vizuri kabla sijamuuliza yeye.