Fundi Makoye na Pawa Saplai Nyepesi

Nianze kwa kusema kwamba sinywi pombe, na siku ile hata homa sikuwa nayo. Watu wakisikia kisa hiki huniangalia kwanza macho, kisha huniuliza kama usiku wake nilikuwa nimelala vizuri. Nililala vizuri. Ilikuwa mchana kweupe, jua la Geita linachoma mabati, na haya ninayokueleza yalinitokea mimi mwenyewe, si shangazi wa jirani yangu. Ukiamini sawa, usipoamini pia sawa. Nimechoka kubembeleza watu.

Nina duka la steshenari, upande ule wa mji ambako karasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu, ziko karibu. Natoa kopi, napiga picha za pasipoti, nawachapia watu barua. Kompyuta ninayo moja tu, ya mezani. Sasa anayeijua mitaa ile anaujua na umeme wake. Karasha zikianza kunguruma, taa zinafifia kama kibatari. Zikizimwa, umeme unarudi kwa nguvu kama umekasirika. Na kinachoumia kwanza ni pawa saplai, lile boksi la chuma nyuma ya kompyuta linalopokea umeme wa ukutani na kuugawa ndani. Langu liliungua, kompyuta ikazima, na ndani yake zikabaki kazi za wanafunzi wa chuo ambao walikuwa wananijia asubuhi na jioni kama nimewaibia.

Fundi wangu alikuwa Makoye. Kwao ni Ibadakuli, Shinyanga, na mke na watoto walikuwa huko. Yeye alikuwa anazunguka Geita na Chato kutengeneza kompyuta za maduka na shule. Fundi mzuri, lakini jamani, mtu wa kukuzeesha. Ukimpigia, yuko njiani. Ukimpigia kesho yake, bado yuko njiani. Siku moja aliniambia yuko njiani huku nasikia kabisa mtu anamwambia chai inapoa.

Nikachoka kungoja, nikaenda kununua pawa saplai mwenyewe. Muuzaji akanipa ya bei nafuu, mpya, boksi lake lina picha ya radi na limeandikwa wati mia tano. Asubuhi ile nikampigia Makoye nikamwambia kifaa ninacho, kilichobaki ni kufunga tu. Alikuwa Chato. Nilisikia upepo na mlio wa pikipiki.

"Nipo njiani, Mama Neema," akasema. "Leo nafika."

Nikakata simu bila kuaga. Wewe ungeaga?

Mchana akafika. Nilikuwa nimemlaza mwanangu Neema kwenye kigodoro chini ya kaunta, pale pale ilipo kompyuta, kwa sababu ndiko kwenye ubaridi kidogo. Nainua uso, namwona Makoye amesimama mlangoni na shati lake la bluu, vumbi limemjaa mpaka kwenye nyusi. Jirani yangu Baba Hamisi, anayeuza vitenge duka linalofuata, alikuwa nje barazani. Huyu ni mtu wa Tanga, lakini ana Kisukuma chake cha kuungaunga, akamwamkia, "Mwadila." Makoye akamjibu, "Mwadila." Nilisikia kwa masikio yangu. Shika hilo la Baba Hamisi, maana ndilo linaloniumiza mpaka leo.

Nikamkaribisha kiti, akasema anasimama. Nikamfungulia soda, hakuigusa. Nikamsogezea bisibisi yangu, kwa kuwa hakuja na begi la vifaa, akasema niishike mimi. Nilipandwa na hasira. Mtu umemngoja siku zote hizo, amekuja mikono mitupu na hataki kushika kitu.

Akaniambia nichukue pawa saplai ya zamani mkono mmoja na mpya mkono mwingine. Nikachukua. Ile mpya ilikuwa nyepesi kama kopo tupu la maziwa.

"Chuma na shaba vina uzito," akasema. "Hapo umeuziwa upepo."

Nikamwonyesha palipoandikwa wati mia tano. Akasema karatasi hata mimi naweza kuchapisha, nina printa. Akanitaka nimulike kwa tochi ya simu kwenye matundu ya feni, nimweleze ninachokiona. Nikaona nafasi tupu nyingi, sehemu ambazo zilitobolewa kwa ajili ya vifaa na vifaa havikuwekwa. Akasema hivyo vilivyokosekana ndivyo vingeuzuia umeme wa karasha usipite mzima mzima. Akauliza unene wa waya, akasema ni nyembamba, akauliza kama feni inazunguka bila kukwaruza. Alisimama pale kama daktari anayepima mgonjwa kwa mbali, mimi ndiye muuguzi. Nikamwambia mambo ya kupima siyahitaji, nataka afunge, wanafunzi wanakuja. Akatikisa kichwa.

"Isiingie kwenye kompyuta, Mama Neema. Iweke nje kwenye saruji, uipe mzigo wa kuendesha, usubiri karasha zianze. Pawa saplai isiyobeba mzigo, kila moja huonekana nzima."

Akanielekeza hatua kwa hatua. Niliunganisha feni ya zamani na diski mbovu ili ziwe mzigo, nikakunja klipu ya karatasi na kuichomeka kati ya waya wa kijani na mweusi kama alivyosema, ili iwake bila kompyuta, nikavuta waya wa umeme mpaka barazani. Nikawasha. Feni ikazunguka vizuri kabisa. Nikageuka kumwambia unaona sasa, ni nzima. Alikuwa anamtazama Neema pale chini ya kaunta. Akasema, "Usikae nayo karibu." Kisha akatoka, akapita pembeni yangu bila kunigusa, akashika njia ya stendi. Hata hela ya nauli hakuomba, na hilo peke yake lilitosha kunishtua kama ningekuwa na akili siku hiyo.

Karasha zilipoanza baada ya chakula cha mchana, taa zikafifia. Zilipozimwa na umeme kurudi kwa nguvu, kile kiboksi kikapiga kishindo kama tairi, moto ukatoka kwenye matundu na moshi mweusi ukapanda mpaka kwenye bati. Baba Hamisi akarusha ndoo ya mchanga. Neema aliamka akilia. Nilimbeba nikatazama pale chini ya kaunta, kigodoro, karatasi zangu, pazia, na mahali ambapo kile kitu kingekuwa kimefungwa. Nikakaa chini.

Nikampigia Makoye, niseme ukweli, kumshukuru na kumgombeza kwa pamoja. Simu ikapokelewa na mwanaume nisiyemjua. Akaniuliza mimi ni nani wa marehemu.

Nikamwambia amekosea namba. Akasema hajakosea. Akasema mwenye simu hii pikipiki yake iligongana na lori barabara ya Chato asubuhi, yeye ndiye aliyemfikisha hospitali, na tangu saa hizo yuko mochwari. Nikambishia. Nikamwambia Makoye ametoka hapa sasa hivi, kavaa shati la bluu. Yule bwana akasema kwa sauti ya mtu aliyechoka, "Dada, shati la bluu ndilo nililolishika mkononi."

Nilimkimbilia Baba Hamisi. Niamini, sura yake ilibadilika nikiiona. Akasema yeye leo hajamwamkia mtu. Nikamwambia umesema Mwadila na amekuitikia. Akasema labda alikuwa mpita njia mwingine. Kila nikimuuliza mpaka leo anaanza kupanga vitenge. Mwanaume mzima ameona, na ameniacha peke yangu na jambo hili.

Nilikwenda kuzika Ibadakuli. Baada ya mazishi nikamwomba mjane, Mama Holo, tukae pembeni. Nilidhani itamfariji. Nikamweleza yote, kuanzia mlangoni mpaka moto. Alinisikiliza, amejifunga kanga kiunoni, halafu akauliza, "Akasema nini?"

Nikamwambia alisema pawa saplai ni nyepesi.

"Na nini tena?"

"Alisema waya ni nyembamba."

"Hakututaja?"

Mume wa mtu amepata nafasi moja ya kurudi duniani, ameitumia kunifundisha kupima wati. Nikamwambia hakutaja. Akainuka, akarudi kwa wenzake. Kabla sijapanda basi tayari kuna wanawake walikuwa wananong'ona kwamba marehemu hawezi kumfuata mwanamke wa Geita hivi hivi. Maneno hayo yakanitangulia mpaka kwangu. Mume wangu ni muungwana, ila naye aliniuliza mara mbili.

Mama Holo bado ananipigia simu. Hagombani. Anauliza habari za Neema, kisha anasema, "Hebu kumbuka vizuri, dada." Nakumbuka vizuri, hilo ndilo tatizo. Kuna siku nilifungua mdomo nimtungie, nimwambie alisema awatunze watoto, alisema anawapenda. Nikashindwa. Maneno ya marehemu siwezi kuyachapa mimi kama barua ya mteja. Nikamwambia alimtazama mwanangu kwa macho ya mtu mwenye watoto. Mama Holo akalia, akasema hilo sikuwa nimemwambia, na ni kweli, sikuwa nimemwambia.

Kwa hiyo wewe unayesoma, ukinunua pawa saplai ya bei rahisi, ipime kwanza nje, na uipe mzigo. Hilo ni dogo. Kubwa ni hili: fundi wako akifika, umemkaribisha kiti akakataa, soda hataki, vifaa hashiki, achana na mambo ya kompyuta. Muulize ana ujumbe gani wa nyumbani kwake.