Ufagio Mmoja Kupita Mpaka

Sisi tuliokwenda shule na kidumu cha maji mkono huu na ufagio wa chelewa mkono ule tunajuana, hata tukikutana kwenye foleni ya samaki Alum Rock Road, huku Birmingham. Tunajuana kwa kuinama. Mtoto wa siku hizi akiangusha kitu anakitazama kwanza, kama vile kitapanda chenyewe. Sisi tulikuwa tumeshakiokota, na pale kilipoangukia tumeshapapangusa.

Nakumbuka asubuhi za Ngamiani, Tanga, tulipokuwa wadogo. Kabla hujaona uso wa mtu ulisikia fagio: chwa, chwa, chwa, nyumba hadi nyumba, na redio ya mtu ikisoma habari, na harufu ya mhogo wa nazi ukitokota. Ulifagia jicho moja likiwa bado na tongotongo. Ukimaliza, chai ya rangi, mhogo, kisha mbio kuwahi mchakamchaka, maana aliyechelewa alipokewa na mwalimu wa zamu na fimbo yake. Jioni ilikuwa rede kwa wasichana, gololi kwa sisi wavulana, na kombolela kwa wote mpaka mama zetu waanze kuita majina milangoni. Barafu moja ya ukwaju tuliinyonya watu watatu na hakuna aliyeumwa. Binti yangu akiona mtu kanywea chupa yake anaifuta mdomo utadhani yuko maabara.

Lakini kitu kilichonilea hasa ni ule mpaka wa kufagia.

Mama yangu, Mungu amrehemu, hakukubali ufagie uishie mwisho wa nyumba yako. Ulitakiwa uvuke, uingie kwa jirani urefu wa ufagio mmoja. Naye mtoto wa jirani, akitokea upande wake, aliingia kwenu kiasi hichohicho. "Kila mtu akiishia kwake," Mama alikuwa anasema, "pale katikati patakuwa pa nani?" Basi pale katikati palifagiwa mara mbili kila siku, na hapo ndipo sisi watoto tulipokutana, tukaegemea fagio zetu na kupeana habari za mtaa mpaka mtu mzima apige kelele kutoka ndani. Mchanga ulibaki na mistari mizuri kama nywele zilizochanwa.

Tena ule mpaka ulikuwa unasema. Jirani akiishia kwake bila kuvuka, ujue umemuudhi. Mama na Mama Shida wa nyumba ya pili waliwahi kugombana kwa sababu ya kuku aliyeingia jikoni. Siku zikapita, majani ya mti wetu wa mkungu yakajikusanya katikati ya nyumba zetu, mstari mrefu mwekundu ambao kila mpita njia aliuelewa. Hawakutukanana, hawakuitana kwa mjumbe. Asubuhi moja tukaamka tukakuta majani hayapo, na mpaka leo sijui aliyeanza kufagia ni nani. Mama alicheka tu, akanituma nimpelekee Mama Shida bakuli la mbaazi.

Miguu yangu haijatulia tangu nimalize kidato cha nne. Dar, Maskati, kisha Birmingham. Na Birmingham kwenyewe Shard End, halafu Castle Vale, sasa Saltley. Kila mahali nilikaa kama mtu aliyeacha begi lake mlangoni. Jirani akininunia, nilitafuta nyumba nyingine. Binti yangu Rahma amezaliwa hapahapa. Kiswahili anakielewa chote, ila ukimsemesha anakujibu kwa Kiingereza. Tulipohamia Saltley alikataa kufungua maboksi yake. Nilipomuuliza sababu, akanijibu kwa kile Kiingereza chake cha Birmingham kwamba hana haja, si tutahama tu. Hakusema kwa ubaya, ndiyo maana yaliniuma. Mimi utoto wangu wote nilikuwa na mtaa. Yeye nilikuwa nimempa anwani.

Nyumba za Saltley zimeungana ukuta kwa ukuta, na nyuma yake kuna uchochoro ambako watu huweka mapipa ya taka. Watoto huchezea humo mpira, kamba, baiskeli. Taratibu Rahma akaanza kutoka. Siku moja nikamsikia anacheka huko nyuma na wenzake, nikasimama jikoni na mwiko mkononi nikisikiliza, wali ukaungua.

Tatizo ni kwamba uchochoro huohuo ndiko watu walikokuwa wakitupa magodoro na makochi mabovu, na mtaa mzima ulikuwa unabishana. Wenye nyumba wakisema ni wapangaji. Wapangaji wakisema ni watu wa mitaa mingine wanaokuja na magari. Wazee wakisema ni vijana, na vijana hawakusema kitu, walikuwa kwenye simu. Wengi walitaka uchochoro ufungwe kwa geti na kufuli, kila nyumba ipewe ufunguo, na watoto wakae ndani. Ukaitishwa mkutano wa kuamua.

Mimi nilifanya nilichofunzwa. Niliukuta ufagio wa chelewa dukani Alum Rock Road, umefungwa kamba nyekundu, nusura niukumbatie. Jumamosi asubuhi nikafagia nyuma ya nyumba yangu, nikavuka urefu wa ufagio mmoja, nikaingia upande wa Tariq. Tariq ni dereva wa teksi, wazazi wake walitoka Pakistani, na yeye amezaliwa kwenye nyumba ileile anayokaa. Jumamosi iliyofuata nikafagia vilevile. Safari hii nikamkuta amesimama kwenye mlango wake wa uani, amekunja mikono.

"Ndugu yangu," akaniambia, "kama unaniona mchafu, niambie usoni."

Nikamwambia siyo hivyo.

"Sasa kwa nini unafagia kwangu, watu wote wakitazama? Au ndiyo unanisukumia taka zako?"

Kabla sijapanga Kiingereza cha kumjibu, mlango ulishafungwa.

Mama Asha alikuwa ameona kila kitu. Uani kwake kunatazamana na kwetu. Ni Msomali aliyekulia Nairobi, akapitia Uholanzi, na hana jambo linalompita.

"Baba Rahma, wewe nawe!" akacheka mpaka akashika ukuta. "Unafagilia watu utadhani umeandikwa kazi na kanjo ya mji! Hapa mtu akikuja kwa mlango yako na ufagio, amekutusi."

"Kwetu ni heshima, Mama Asha. Kutofagia ndiyo matusi."

"Kwenu ni Tanga. Hapa ni Saltley. Enda uwaambie hivyo Jumapili, wakikutana kwa maneno ya geti. Na uongee haraka, nyinyi Watanzania mkianza salamu, jua linatua."

Nyumbani Rahma alikuwa ameshasikia. Akaniuliza kitu kimoja tu: tunahama lini? Nilimwambia asubiri Jumapili ipite kwanza.

Jumapili mchana watu wakajaa uchochoroni. Nilikwenda na ufagio wangu, nadhani mikono ilitaka kitu cha kushika. Zamu yangu ilipofika niliwaeleza kuhusu Mama, na pale katikati, na majani ya mkungu. Nikamgeukia Tariq mbele ya wote, nikamwambia kwamba kwetu, siku nitakayoacha kuvuka kwako ndiyo siku ya kujiuliza umenikosea nini.

Tariq hakunitazama. Alikuwa anautazama ufagio.

"Bibi yangu alikuwa nao huohuo," akasema. "Alituchapa nao."

"Na mimi Mama alinichapa nao," nikasema, na watu wakacheka, hata wale waliokuja wamevimba.

Lakini hakulegea upesi. "Na mtu akija na gari akabwaga godoro, utalifagia?"

"Siwezi. Ila tazameni yanapobwagwa."

Watu wakatazama. Magodoro yalikuwa yameegemezwa kwenye mipaka, pale nyumba moja inapoishia na nyingine haijaanza. Nyuma ya mlango wa mtu hapakuwa na hata moja. Mtupaji naye alikuwa anajua pa kila mtu na pasipo pa mtu. Mama Asha akaingia kwa Kiingereza, sauti juu: tujaribu kufagia mpaka shule zifungwe, ikishindikana wekeni hilo geti lenu, na yeye apewe funguo mbili. Wakabishana tena kidogo, kama watu wazima wanavyopaswa, lakini geti likaahirishwa.

Jumamosi nikaamka mapema. Nawaambia ukweli, nilifagia mpaka mwisho wa kwangu nikasimama. Nilikuwa nimesema maneno mengi, nikaona vizuri nisimlazimishe mtu. Ndipo nikasikia upande wa pili: chwa, chwa. Tariq, ndala miguuni, ufagio wa plastiki, mdomo umenuna kama kawaida yake. Akaja, akafika mpakani, akavuka. Akafagia kwangu, akasimama na kupima kwa macho.

"Mmoja tu, siyo?" akauliza.

"Mmoja unatosha," nikamwambia, nikavuka na mimi.

Si nyumba zote zinazofagia. Nyumba ya mwisho hawatoki mpaka leo, na kuna kochi lililoletwa tena, tukalibeba mimi na Tariq tukigombana nani akae upande mzito. Shule zimefungwa, zimefunguliwa, na geti hakuna anayelitaja. Jioni watoto wamejaa kule nyuma, na kabla ya mchezo hufagia uwanja wao, wanavuka kila mpaka bila kuambiwa. Rahma ndiye anayewasimamia, kwa ukali wa bibi yake ambaye hakuwahi kumwona. Juzi nilikwenda kutupa taka nikakuta pipa limejaa. Yalikuwa maboksi yake, amefungua yote, ameyakunja vizuri.

Nilimpigia kaka yangu, yule aliyebaki kwenye nyumba yetu ya Ngamiani, nikamsimulia. Akacheka. "Yaani umekwenda Ulaya kufagia?" Kisha akanitumia picha. Kuna ukuta mrefu sasa, vipande vya chupa juu, geti la chuma. Kwa akina Mama Shida vilevile. Katikati ya kuta mbili umebaki ukanda mwembamba, na ndani yake nepi na mifuko ya nailoni. Mkungu umekatwa. Niliitazama picha ile muda mrefu, nikitafuta pale nilipokuwa naegemea ufagio wangu.

Enzi zetu mchanga ulikuwa unakuonyesha jirani kafika wapi. Saruji ya Saltley haishiki mistari. Huku inakubidi uamke mapema usikie mwenyewe. Nami siku hizi naamka, nafungua dirisha la nyuma, namsikiliza Tariq anavuka. Begi langu nimelipandisha darini.