Daktari wa Popo

Katika maabara ile ya mji wa Brno, nchini Cheki, wote walimwita Daktari wa Popo. Alikuwa mtafiti wa popo, mgeni kutoka Nepali, mwenye vidole vilivyojaa makovu ya meno ya popo, na Kicheki chake alikizungumza polepole, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Popo wake aliwahesabu mara mbili, na hesabu zikipishana alianza upya bila kunung'unika. Bi Zdeňka, mwosha vyombo vya maabara, alimpenda kama mwanawe, ndiyo maana siku ya kuomba ukaazi wa kudumu alimsindikiza.

Ofisa alipekua pasipoti, akajumlisha siku ambazo Daktari alikaa nje ya nchi kwa miaka mitano, akatabasamu. "Hongera, Daktari. Hujavuka kiwango cha siku za kuwa nje."

Mkono wenye makovu ukanyooka juu ya karatasi. "Samahani, bwana. Umeiacha safari ya mapango ya Slovenia. Siku kumi na tisa. Mpakani hawagongi muhuri."

Ofisa akajumlisha tena, tabasamu likamtoka. "Basi umezidisha siku nne. Itabidi uombe tena mwakani."

"Nitaomba."

Huko nje Bi Zdeňka alifoka mpaka watu wa kituo cha tramu wakageuka. "Ungefunga mdomo tu, mwanangu! Nani angejua?"

"Nikidanganya siku zangu, Bi Zdeňka, nani ataamini popo wangu?"

Bi Zdeňka akampokea faili lake zito la maombi, akatangulia kupanda tramu, na alipoketi akamwambia abiria wa kando yake, mtu asiyemjua kabisa: "Huyu ni wetu. Wamechelewa kumwandika tu."