Wagonjwa Tuliowaficha Sisi Wenyewe

Nakumbuka Jumapili moja, mwanangu, nimesimama mbele ya waumini katika kanisa la kijijini kwetu, nje kidogo ya Kyuso, nina barua mkononi, na barua yenyewe ni ya uongo. Nilikuwa na miaka ishirini. Nilisoma kwa sauti kwamba kaka yangu Kilonzo anawasalimu wote, kwamba kazi ya bandarini Mombasa ni ngumu lakini Mungu ni mwema. Akina mama wakaitikia "Amina". Kilonzo hakuwa Mombasa. Alikuwa nyumbani, mwendo mfupi tu kutoka pale kanisani, amefungwa mguu kwa kamba ya mkonge kwenye gogo, ndani ya ghala letu la ndengu.

Nakusimulia haya kwa sababu juzi nilikusikia ukiwaambia wenzako kwamba magonjwa ya akili ni ya siku hizi. Ati kila nyumba sasa ina mtu aliyepimwa akaambiwa ana hili au lile, na kwamba sisi wa zamani tulikuwa na akili timamu. Nilinyamaza kwa sababu kulikuwa na wageni. Leo sinyamazi. Kaa hapo, chai utakunywa baadaye.

Kilonzo alikuwa wa kwanza kwetu kumaliza kidato cha nne. Alirudi nyumbani akingoja kazi, na katika kungoja huko akaanza kukosa usingizi. Kisha akawa anazungumza na watu ambao sisi hatukuwaona. Siku moja ya soko alifungua mbuzi wa Baba akawagawa kwa wapita njia, mmoja mmoja, akisema ni amri. Watu walicheka sana siku hiyo. Baba hakucheka, alizunguka akiwarudisha mbuzi wake huku ameinamisha kichwa.

Boma jingine lingewaita akina mama wa kilumi, wapige ngoma na kucheza mpaka pepo waseme wanataka nini. Lakini Baba alikuwa mzee wa kanisa, na ngoma ile isingeingia kwake. Aliomba kanisa lifunge na kuomba siku tatu, na hata hapo hakusema sababu. Aliwaambia ni maombi ya mvua. Mvua haikuja, wala Kilonzo hakupona, ndipo Baba akachukua kamba. "Ng'ombe haelemewi na nundu yake," akatuambia, na hilo likawa neno la mwisho.

Tulikuwa wasichana wanne wa kuolewa, mwanangu. Nani angeleta mbuzi wa mahari kwenye boma lenye wazimu? Basi Baba alipotangaza kwamba Kilonzo amekwenda Mombasa, na watu wakaanza kuuliza mbona haandiki, mimi niliyejua kuandika vizuri ndiye niliyepewa kalamu. Na nikuambie ukweli wote: niliifurahia kazi ile. Ndani ya barua nilimpa Kilonzo rafiki Mtaita, nikamnunulia baiskeli. Jirani yetu, mama yake Mwende, alikuwa anakuja kila mwezi kusikiliza, na sehemu ya baiskeli alitaka isomwe mara mbili. Niliendelea hivyo miaka mitatu.

Katika mwaka wa tatu nilipata kazi ya kuandika majina ya wagonjwa kwenye zahanati ndogo iliyokuwa karibu nasi. Hapo ndipo alipofika Sista Ndinda, muuguzi wa wagonjwa wa akili, mama mnene asiye na haraka, kwa gari la serikali kutoka Mwingi. Akaniuliza kama tuna wagonjwa wake.

"Hatuna, Sista," nikamjibu, bila hata kumeza mate. "Labda huko mjini."

Alikifungua kitabu changu. Malaria, kikohozi, tumbo, malaria. Akakifunga.

"Msichana, mimi nimezaliwa Nuu, si Ulaya. Mahali hakuna mgonjwa wa akili ni mahali hakuna watu. Hii kitabu inaonyesha yenye uliandika. Haionyeshi yenye iko."

Nilikasirika. Nilijiambia, huyu ananijua wapi? Mchana huo nikaenda nyumbani kumpelekea Kilonzo chakula kama kawaida. Kidonda cha mguuni kilikuwa kimeanza kunuka, na nzi walikuwa hawatoki. Kulikuwa na saa ambazo akili yake ilitulia, na hiyo ilikuwa mojawapo. Alikula kidogo, akanitazama.

"Kavindu," akasema, "kutoka huko Mombasa nitarudi lini?"

Sikujua kwamba alikuwa anasikia. Barua zile nilikuwa naziandika nje ya ukuta wa ghala, nikizisoma kwa sauti ili nione kama zinapendeza. Niliona aibu ambayo sijapata kuiona tena maishani mwangu. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Msemo huo niliufahamu tangu utotoni, lakini siku hiyo niliusikia ukinuka. Nikaacha sahani pale pale, nikakimbia kurudi zahanati. Sista alikuwa anapakia masanduku yake garini.

"Nimekudanganya," nikamwambia. "Yuko. Ni kaka yangu."

Hakunigombeza. Aliniambia niingie garini nimwonyeshe njia.

Baba alisimama mlangoni pa ghala. "Sista, hapa ni kwa mzee wa kanisa," akasema.

"Ni vizuri, mzee. Basi tutaanza na maombi, halafu unipatie kisu."

Mimi nilidhani Baba atatufukuza. Kisha akaingia nyumbani, akatoka na kisu, akaikata kamba kwa mkono wake mwenyewe. Sikuwahi kumwona akilia kabla ya siku hiyo.

Jumapili iliyofuata niliomba nafasi kanisani, nikasema barua zote nilizitunga mimi, na kaka yangu ni mgonjwa, na ameanza dawa. Kijana aliyekuwa akinichumbia hakurudi tena, na sikumlilia sana. Lakini ibada ilipokwisha, mama yake Mwende alinifuata nyuma ya kanisa. Mwende, ambaye sote tulijua ameolewa Sultan Hamud, alikuwa nyumbani kwao. Alikuwa amefichwa humo kwa mwaka wa pili sasa.

"Sista atarudi lini, mwaitu?" akaniuliza, akiniita kwa heshima ya mama ingawa nilikuwa rika la binti yake.

Sista alirudi mwezi uliofuata, na Mwende akaja. Wakaja na wengine. Mwaka haukuisha kabla ya benchi la nje ya zahanati kuwa dogo, wengine wakingoja wameketi chini. Mzee mmoja wa baraza alikasirika akamwambia Sista mbele za watu, "Tangu ukuje, wazimu imejaa hapa kwetu."

"Sikuwaleta na gari, mzee," akajibu. "Niliwakuta kwenu."

Unaona sasa? Kitabu changu kilikuwa kitupu, kumbe maghala yamejaa. Mama aliyelia miezi baada ya kujifungua, tulisema amerogwa. Mwanamume aliyenyamaza hata akaacha kulima, tulisema ni mvivu. Aliyejinyonga tulimzika haraka na jina lake halikutajwa tena. Leo kuna mtu aliyesomea kuyatambua haya, kuna dawa, na kuna majina ya kuyaita. Kwa hiyo yanaandikwa. Sikatai kwamba mengine yameongezeka. Bangi ipo, kazi hakuna, na vijana wanaishi peke yao mijini. Sitakudanganya tena, nilidanganya vya kutosha. Lakini usiniambie yalianza juzi.

Kilonzo alidungwa sindano yake kila mwezi. Alilima, alichunga, alicheka na watoto wetu, na alikuwa na siku zake mbaya. Alichechemea mpaka anakufa. Sista aliwahi kuniambia, kwa upole, kwamba kama tungemleta mwaka ule wa kwanza angepona vizuri zaidi. Ile miaka mitatu ni yangu, nimeibeba mpaka uzee huu, wala sikuombi unipokee mzigo.

Ninachokuomba ni hiki. Ukisikia wagonjwa wa akili wamezidi, usiulize ni nani aliyewaleta. Uliza walikuwa wapi. Mtu wa nyumbani mwako akikosa usingizi, akijitenga, akisema yasiyoeleweka, mpeleke hospitali wiki hiyo hiyo. Kuomba, omba, lakini umwambie Mungu unaomba nini. Na mchumba atakayekukimbia kwa sababu ya ndugu yako, mfungulie njia apite. Ukiugua wewe, sema. Mficha uchi hazai.

Mungu ailinde akili yako, mwanangu. Na ikitokea siku ikayumba, akujalie watu watakaokushika mkono na kukupeleka mchana, barabarani, mbele ya majirani wote.