Soma Kilichoandikwa

Kipaza hakupewa jina hilo bure. Kwa miaka ishirini na mbili alikaa pembeni ya skrini katika ukumbi wa video, maiki mkononi, akifasiri filamu za kigeni papo hapo. Lugha zenyewe, tusidanganyane, alizijua nusunusu. Asipoelewa, alitunga. Jambazi akifoka dakika nzima, Kipaza anasema, "Anauliza mmeshakula?" na ukumbi mzima unavunjika mbavu. Nani amkosoe? Picha si hiyo hapo mbele yao!

Mkewe, mkutubi wa shule, alikwenda mara moja tu, akarudi amenuna.

"Yule mama alikuwa anamlilia mwanawe aliyekufa. Wewe unamfanya anagombania shuka!"

"Watu wamekuja kucheka, mama watoto. Na filamu inakupa kila kitu: sura, sauti, mvua. Kitabu kinakupa nini zaidi ya usingizi?"

"Kitabu kinaniachia sura nizitengeneze mwenyewe."

Walibishana hivyo mpaka watoto wakakua wakahama.

Halafu presha ya macho ikamwingia mkewe, na mwaka haukuisha, akawa haoni hata mwanga wa dirishani. Hospitali ikaleta barua, wakakaa wawili kitandani, Kipaza akaifungua. Ilisema mishipa ya macho imekufa, upasuaji hautasaidia. Lakini kinywa cha Kipaza kilishazoea kutunga, kikatunga: "Wanasema tusubiri. Mwezi wa tisa watakupasua, utaona."

Tangu siku hiyo mkewe akawa anahesabu miezi kwa vidole. Maskini Kipaza, roho ilikuwa ikimuuma kila akimwona anahesabu.

Ili siku zisogee, mkewe aliomba asomewe riwaya moja nene. Kila alasiri Kipaza alivaa miwani, akasoma kwa mbwembwe zake, mara anafoka, mara ananong'ona, na maelezo marefu ya mashamba anayaruka.

"Usiniruke," mkewe alisema. "Hayo mashamba ndiyo ninayoyaona sasa."

Akaacha kuruka. Na ajabu, baada ya wiki mbili naye akaanza kuyaona, bila skrini wala nini, na mtoto wa kwenye kile kitabu akampenda kama mjukuu.

Ndipo wakafika ukurasa ambao mtoto anakufa kwa homa. Kipaza akamtazama mkewe, ametega sikio, anatabasamu. Hakuweza. "Asubuhi homa ikashuka," alisoma, "mtoto akaomba uji."

Mkewe akaacha kutabasamu.

"Baba watoto, kitabu hiki nimekisoma mara nne. Mtoto anakufa."

Kipaza akakiweka kitabu kitandani.

"Nilidhani unazifanyia hivyo filamu tu." Mkewe akamgeukia. "Lete ile barua ya hospitali. Soma kilichoandikwa."

Akaitoa kwenye droo. Safari hii hakuongeza chumvi. Alisoma neno kwa neno mpaka jina la daktari, huku machozi yakimdondoka.

"Ndiyo yote?"

"Ndiyo yote."

"Kwa hiyo sitaona tena."

"Hutaona, mke wangu. Nisamehe."

Mkewe alilia kwa sauti, na Kipaza alipotaka kumshika mkono, akauondoa. Ilipita kama nusu saa. Kisha akajifuta uso, akapapasa kitandani mpaka akakipata kitabu, akamsukumia.

"Kusamehe nitasamehe, lakini si leo," alisema. "Rudi kule kwa mtoto. Nisomee anavyokufa."