Ishara ya Kukataa

Nilipomaliza chuo Lubumbashi, vita vilikuwa vimefika kaskazini mwetu, na kazi pekee niliyoipata Kamina ilikuwa katika nyumba ya watu wenye ulemavu wa akili. Walikuwa kumi na wanne, watu wazima. Wengi walisikia vizuri lakini hawakutoa neno, basi wafanyakazi waliongea nao kwa ishara za mikono. Niliziandika zote daftarini: kula, kaa, njoo, nyamaza, oga, lala. Nikazisoma mara kumi, maana mimi husoma kila kitu mara kumi, ndipo nikaona kwamba zote zilikuwa amri. Hapakuwa na ishara ya mtu kukataa.

Nikaitunga, ngumi kifuani, nikamfundisha mwanamke mmoja wa miaka thelathini hivi aliyependa kumenya mihogo karibu nami. Siku tatu alikataa kila kitu: uji, kuoga, hata mimi. Nilikosa amani. Huenda nimemharibu. Siku ya nne akaanza kuchagua: uji ndiyo, maji baridi hapana.

Kisha chakula kikapungua, na mama mkurugenzi akaamua wenye ndugu warudi kwao. Mjomba wa yule mwanamke akaja na baiskeli kutoka upande wa Kaniama. Kiangazi kilichopita mwanamke huyo alikaa kwake, akarudi na alama ya kamba kwenye kifundo cha mguu.

Mwanamke alipomwona mjomba, alipiga magoti, akapiga makofi polepole, kama Waluba wanavyomsalimu mkubwa.

"Munaona?" mjomba akasema. "Amekubali. Mutoto wetu iko na heshima."

"Akamate nguo zake," mama mkurugenzi akasema.

Lakini alikuwa amesalimu tu. Angemsalimu hivyo hata mwizi. Nilisikia sauti yangu kabla sijapima maneno: "Mama, hatujamuuliza."

"Kumuuliza nini? Weye na diplome yako!"

Nikamgeukia mwanamke, nikaonyesha baiskeli, mjomba, kisha yeye mwenyewe. Akaweka ngumi kifuani.

"Ni weye ulimufundisha ile," mama akasema. "Anaiga kama kasuku. Weka mikono nyuma, umuulize kwa kinywa."

Hilo ndilo nililokuwa nikiliogopa tangu mwanzo: je, kukataa huku ni kwake au ni kwangu? Nikaficha mikono mgongoni.

"Unataka kumenya mihogo?"

Akaitikia kwa kichwa, akacheka.

"Unataka kwenda na mjomba?"

Ngumi. Aligonga kifua mara mbili, tukasikia. Kisha akafanya jambo ambalo sikumfundisha: akaketi chini, akanyoosha mguu, akazungusha vidole kwenye kifundo, akakaza.

"Miye nilimufunga sababu ya magari ya basoda!" mjomba akapaza sauti. "Angepotelea barabarani. Mulitaka nifanye nini?"

Hakudanganya. Magari ya askari yalipita kila siku. Nilimhurumia, na bado nikasimama mlangoni kumzuia.

"Papa, amekatala," nikamwambia.

"Na akikosa chakula hapa?" mama akaniuliza. "Na basoda bakifika?"

"Sijui," nikasema, na kwa mara ya kwanza kutojua hakukunirudisha nyuma. "Lakini haendi."

Mjomba aliondoka akisukuma baiskeli tupu. Mama mkurugenzi akaniambia nitaandikiwa barua ya onyo. Nikamuuliza kama niisubiri pale pale au niendelee na kazi, maana wale wengine kumi na watatu walikuwa bado hawajafundishwa ngumi ile.