Rangi ya Kiwanda kwenye Lori la Baba

Harufu ya mastiki inanitapisha mpaka leo. Nasema ule uji mzito wa kijivu ambao mafundi wa Buyenzi huukoroga juu ya kipande cha bati, wakaupaka palipobonyea ili gari lionekane zima. Ikikuingia puani inashuka kooni na kukaa huko, na jioni ukila ugali unaula pamoja nayo. Nikipita karibu na magaraji ya mtaa wetu wa zamani najiziba pua kwa mtandio, na watu hudhani najidai kwa kuwa siku hizi naishi Mutanga Nord, kwa wenye nazo. Waache wadhani. Harufu ile naijua ilivyoanza. Ilianza uani kwetu, nilipokuwa darasa la nne, wakati wa kiangazi, vumbi limetanda juu ya kila kitu, na baba yangu hajamaliza hata miezi miwili kaburini.

Baba alikuwa dereva mwenye lori lake mwenyewe, lori dogo la zamani lililotoka kiwandani na rangi mbili: juu krimu, chini buluu, na katikati mstari mwembamba mweupe. Bujumbura, mtu akitaka kununua gari kuukuu haanzi na injini. Anauliza, "Ni rangi ya kiwanda?" Maana gari lenye rangi ya kiwanda halijagongwa, halijapinda, halina lililofichwa. Baba alikuwa akilisugua lori lile kila Ijumaa kabla ya kwenda msikitini, na mama alimtania kwamba angeweza kumsahau mke sokoni lakini si kitambaa cha lori. Basi siku moja, akitoka milimani na shehena ya viazi, lori jingine lilikatikiwa breki kwenye kona, likamjia ubavuni. Baba tuliletewa amefunikwa shuka. Lori liliburutwa mpaka uani kwetu, mlango wa dereva umeingia ndani, na mdogo wake baba, baba mdogo Ramadhani, akalitupia turubai akasema mambo yote tumwachie yeye.

Tukamwachia. Tungefanyaje? Nyumba ilikuwa ya babu, yeye ndiye mwanamume aliyebaki, na mama alikuwa amekaa eda. Mjane wa Kiislamu hukaa ndani miezi minne na siku kumi, hajipambi, hatoki ovyo, na kwetu Buyenzi hata uani hajitokezi mbele ya mwanamume wa nje. Mama alikaa chumbani nyuma ya pazia, na chakula alikipika kwenye kibaraza cha nyuma. Baba mdogo alilijua hilo vizuri, tena alilitegemea. Aliichagua miezi hiyohiyo kulitengeneza lori aliuze, kwa sababu mtu pekee ambaye angeweza kusema neno alikuwa amefungwa mdomo na heshima yake mwenyewe. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi naongeza kwamba kingine hukaa sebuleni kwako kikisubiri chai.

Kazi alitupa sisi, mimi na kaka yangu Idi. Fundi angeona, na fundi ana mdomo. Tulipiga msasa wa maji kuanzia asubuhi mpaka adhuhuri, ndoo katikati yetu, tope la buluu na krimu likitiririka mikononi hadi kwenye viwiko. Vidole vililainika, vikachubuka, vikawa vyeupe kama vya maiti. Chini ya viti kulikuwa na viazi vilivyosahaulika, vimeoza, vimekuwa maji meusi yenye funza, na tulivitoa kwa mikono. Hayo yote ningeyasahau. Lakini alinisimamisha mbele ya mlango wa dereva, palepale alipokufia baba, mastiki imejazwa unene wa kiganja, akaniambia, "Hapo ndiyo usugue vizuri, mwanangu, mpaka pawe laini kama shavu lako." Akalamba kidole gumba chake, akapitisha mate juu ya mlango kujaribu ulaini, akatabasamu. Mate, juu ya mlango ule! Astaghfirullah. Nilikimbilia nyuma ya choo nikatapika, yeye akacheka akasema wasichana hawawezi kazi.

Rangi alipulizia mwenyewe, na lazima niseme ukweli, mkono wake ulikuwa mzuri. Alifunika nusu ya chini kwa magazeti, akapulizia krimu, akafunika ya juu, akapulizia buluu, akauchora mstari mweupe kwa subira ya mtu anayeandika hirizi. Lori likang'aa. Na hapo ndipo uchafu wenyewe ulipoanza, maana lori la umri ule liking'aa kila mtu anajua limepakwa upya. Rangi ya kiwanda huwa imechoka. Kwa hiyo alianza kuichosha. Alilipaka majivu na mafuta ya taa, akalirushia vumbi, akatuamuru tulikwaruze polepole kwa msasa uliokwisha makali. Kisha akawafungia kuku wa mama juu ya boneti, usiku baada ya usiku, kwa sababu mavi ya kuku hula rangi. Pale walipoacha pengo alichota mwenyewe kwa kijiti akapaka, huku akiwasifu kuku na kuwaita mafundi wake. Nilimtazama mtu mzima, mwenye kofia ya kwenda kuswalia, akipaka mavi kwenye lori la marehemu kaka yake.

Idi alikuwa na miaka kumi na mitatu na alijua jambo baya zaidi. Siku baba mdogo alipoliwasha na kulizungusha uani, Idi alinivuta kanga. "Angalia magurudumu," akaninong'oneza. Ya nyuma hayakufuata ya mbele. Lori lilikwenda upandeupande, kama mbwa anavyokimbia. Chasi ilikuwa imepinda, na hakuna mastiki ya chasi. Yeyote ambaye angelipandisha milimani na mzigo angemfuata baba kaburini.

Mnunuzi akapatikana. Mama Furaha, mkimbizi kutoka Uvira, ng'ambo ya mpaka, aliyekuwa akikaa Kamenge na kuuza mawese na unga wa muhogo, alikuja na mdogo wake wa kiume aliyejua kuendesha. Kijana alizunguka, akagonga boneti, akaisugua rangi ile iliyochoka, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Mama Furaha hakuridhika upesi. Alikuwa na mtoto mgongoni na mwingine ameshika kitenge chake.

"Baba, mi nitapakiza watoto wangu humu," alisema. "Niambie kweli. Haijagongwaka?"

"Apana, mama! Hata siku moja. Hii rangi ni ya kiwanda, wallahi, tangu itoke huko hakuna mutu ameigusa."

Pazia likafunguka. Mama alitoka amejifunika nguo zake za eda, mwiko wa ugali mkononi, unga bado umeugandia. Alipita katikati ya uani mbele ya yule kijana bila kuangalia kushoto wala kulia. Sikuwa nimemwona juani tangu msiba, na jinsi alivyokuwa amekonda nikashtuka.

"Shemeji," alisema, "kama hii gari haijagongwa, mume wangu alikufa na nini?"

"Rudi ndani!" Baba mdogo alipiga kelele. "Uko eda, we mwanamke! Huoni aibu mbele ya wanaume?"

Mama alikwenda mpaka kwenye lori. Aliupiga mlango wa dereva kwa mwiko, mara moja, kwa nguvu zake zote, na bonge la mastiki likaanguka chini kama sahani. Shimo likatokea. Mama Furaha aliweka kiganja mdomoni, akamkaza mtoto mgongoni, kisha akaja akamshika mama mkono. "Pole, dada," alisema, "Mungu akulinde kama ulivyonilinda." Wakaondoka.

Kesho yake wazee wa mtaa walikuja, na mimi, mjinga, nilifurahi nikidhani wamekuja kwa ajili ya baba mdogo. Walikaa sebuleni kwake, wakanywa chai yake, wakamsema mama kupitia pazia kwa kutoka eda mbele ya wanaume. Kabla wiki haijaisha tulikuwa tumefukuzwa, tuko Carama kwa mjomba, mama akimalizia eda yake katika chumba kisicho na pazia. Lori lilizibwa tena, likapata mtu mwingine, sijui nani. Watu husema njia ya mwongo ni fupi. Ya baba mdogo imekuwa ndefu, tena imewekwa lami: leo ni haji, ndiye anayeitwa kusuluhisha ndoa za watu.

Mwezi uliopita nilienda Buyenzi kwenye harusi ya binamu yangu. Mabibi harusi wa siku hizi wanabebwa kwenye magari yanayong'aa, na haji Ramadhani alikaa mbele akiwausia vijana juu ya ukweli. Nilisukuma sahani ya pilau, nikatoka. Nikiwa nje nanawa, shangazi mmoja alinisogelea kwa huruma, akashusha sauti. Aliniuliza kama mama, kabla ya kufa, alitubia lile jambo la eda. Miaka yote hii wananiuliza hivyo. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza lile lori aliuziwa nani.